Mtamba aliyeuzwa Oktoba: kisa cha ada ya mwaka wa kwanza kutoka Rungwe

Kisa hiki ni cha familia moja ya wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya. Binti yao wa kwanza alichaguliwa kusoma shahada ya ualimu katika chuo kikuu kimoja mjini Iringa, mwaka wa masomo 2024/25. Chuo sitakitaja, na mambo madogo madogo nimeyabadilisha ili familia isitambulike. Hesabu nimeziacha kama mama alivyoziandika kwenye daftari lake, lile lile analoandikia kilo za chai. Mimi nafundisha kidato cha tano na sita, na familia ilinifuata mkopo wa serikali wa wanafunzi ulipokwisha kutoka, wakati wa kukata rufaa.

Naona kisa hiki kinafaa kuchambuliwa kwa sababu mabishano yetu juu ya gharama za elimu ya juu karibu yote ni ya kiasi: asilimia ngapi apewe nani, nani asome bure, makato yawe mangapi. Familia hii mwishowe ililipiwa na serikali karibu ada yote. Hata hivyo ng'ombe aliyekuwa anakaribia kuwaletea maziwa alikwishauzwa. Kilichowaumiza hasa ni tarehe, na tarehe hatuizungumzi vya kutosha.

Familia na karatasi zake

Wana ekari moja na nusu ya chai, migomba kuzunguka nyumba, kipande cha viazi mviringo, watoto wanne, na hadi Oktoba ile ng'ombe wawili: mmoja mzee ambaye maziwa yake yalikuwa yanakatika, na mtamba wake mwenye mimba ya miezi sita. Nyumba ni ya tofali za kuchoma na bati. Kijijini pao watu wa namna hiyo hawahesabiwi masikini, na majina yao hayajawahi kuingia kwenye orodha ya kaya za TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya masikini.

Anayejua chai ya Rungwe anajua kwamba haileti pesa sawasawa mwaka mzima. Mvua zikikolea, kati ya Desemba na Mei, majani yanajaa mpaka wachumaji wanakosekana. Kiangazi kikishika, hasa Julai mpaka Oktoba, unazunguka shamba lote unapata nusu kapu. Malipo yao ya Septemba yalikuwa shilingi 61,500. Na Oktoba hiyo hiyo ndipo mtu anatakiwa awe na hela ya mbolea na mbegu.

Binti alisoma kidato cha kwanza hadi cha nne kwenye shule ya binafsi. Aliyemlipia ni shangazi yake, muuguzi anayefanya kazi Dodoma, aliyeona shule ya kata ya pale imekaa muda mrefu bila mwalimu wa hisabati. Kidato cha tano na sita alisoma shule ya serikali, ambako ada ilifutwa kuanzia mwaka wa fedha 2022/23.

Maombi ya mkopo alijazia steshenari mjini Tukuyu, pale ambapo kijana mmoja wa kompyuta anajaza fomu za watu wengi kwa siku moja na foleni imefika barabarani. Cheti cha kuzaliwa kilikuwa kimehakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, fomu ilisainiwa na serikali ya kijiji na mwanasheria, mdhamini alikuwepo. Kwenye sehemu ya kueleza kama alisomeshwa sekondari kwa ufadhili, kijana aliuliza, "Ulikuwa na shirika linakusomesha?" Binti akajibu hapana, shangazi. Sehemu ikaachwa wazi, na hakuna barua iliyoambatishwa.

Hapa ndipo naomba wasomaji wakae kidogo. Mfumo wa kupanga mikopo unasoma karatasi, na hauna namna nyingine. Hauwezi kutuma mtu Rungwe akahesabu vikapu vya chai. Unaangalia kama mwombaji ni yatima na ana cheti cha kifo kilichohakikiwa, kama yeye au mzazi ana ulemavu uliothibitishwa na daktari, kama kaya iko TASAF, alisoma shule za aina gani, na kama kuna mfadhili aliyethibitisha kwamba alimlipia. Binti huyu si yatima, wazazi wake ni wazima, hawako TASAF, na alisoma miaka minne shule ya kulipia bila barua ya mfadhili. Kwa karatasi zile, mtu yeyote angesema wazazi hawa wanajiweza. Wema wa shangazi uligeuka ushahidi kwamba baba ana hela.

Oktoba

Majina yalitoka kwa awamu, na lake lilikuwemo. Alipangiwa asilimia 80 ya fedha ya chakula na malazi na asilimia 30 ya ada. Ada ya mwaka kwenye chuo chake ni 1,300,000, kwa hiyo mkopo ulibeba 390,000 na familia ikabakiwa na 910,000.

Barua ya chuo ilitaka nusu ya ada iwe imelipwa kabla ya kusajiliwa. Nusu ni 650,000. Chuo kilikubali kuhesabu nusu ya mkopo wa ada, yaani 195,000, zikabaki 455,000. Halafu kuna michango ya chuo ambayo mkopo hauigusi: bima ya afya 50,400, ada ya ubora ya TCU, tume ya vyuo vikuu, 20,000, na usajili, kitambulisho, serikali ya wanafunzi, mitihani na fedha ya tahadhari jumla 118,000. Hosteli za chuo zilikuwa zimejaa, akatafutiwa geto, yaani chumba cha kupanga, la 30,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, 180,000. Godoro, mtungi mdogo wa gesi, ndoo, shuka na nauli ya basi mpaka Iringa, 147,000. Mama alijumlisha mwenyewe: 970,400, na zote zilitakiwa ndani ya wiki tatu.

Ukurasa wa pili wa hesabu hiyo una vyanzo. Chai, 61,500, tayari imekwenda kwenye mbolea. Kikoba cha akina mama, akiba yake 340,000, lakini kikoba kinavunjwa Desemba na hakuna anayetoa hisa zake katikati ya mwaka. Kukopa humo humo ingewezekana kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, ila Oktoba kila mwanachama anatafuta hela ya pembejeo na sanduku lilikuwa tupu. Kikao cha ukoo kiliahidi 210,000, zikapatikana taslimu 95,000.

Kwenye kikao hicho ndiko mjadala wa taifa zima ulipopita kwa sauti za ndugu. Baba mdogo alisema waziwazi kwamba kama ni ualimu, mitaa imejaa walimu wasio na ajira, heri binti aende VETA, chuo cha ufundi, ajifunze umeme, arudi na ufundi wake mkononi. Babu alikumbusha kwamba zamani serikali ilikuwa inamchukua mtoto, inamsomesha na kumlisha, mzazi anampa nauli tu. Mama hakubishana na yeyote. Alisema, "Baba, mtoto kachaguliwa. Tukimwambia asubiri mwaka, mwakani atakuwa na nani wa kumsukuma?" Wapo watakaosema kuahirisha ingekuwa busara. Mimi nimeona wanafunzi wengi wa kike walioahirisha wakabaki kijijini moja kwa moja, na simlaumu mama kwa kukataa.

Mtamba aliuzwa kwa mchuuzi aliyetoka Mbeya mjini kwa 950,000. Majirani wanaofuga wanasema mtamba wa aina ile, mwenye mimba ya miezi sita, kwa mtu asiye na haraka angefika 1,400,000. Mchuuzi aliiona haraka yao. Msimu wa kufungua vyuo anaujua vizuri kuliko wengi wetu.

Rufaa, na kilichofuata

Dirisha la rufaa lilipofunguliwa nilikaa na binti kwa simu tukapitia upya kila kipengele. Shangazi aliandika barua, akaambatanisha stakabadhi za benki za miaka minne zenye jina lake, na ofisi ya kata yake ikagonga muhuri. Serikali ya kijiji iliandika hali halisi ya kaya. Rufaa ilikubaliwa na majibu yalitoka Januari: ada ilipanda kutoka asilimia 30 hadi 90. Mama aliponipigia alisema "ndaga fijo, mwalimu", yaani asante sana, mara nyingi mpaka nikaona aibu, maana kazi yenyewe ilikuwa ya shangazi.

Sasa tazama hesabu. Kwa mkopo wa asilimia 90, sehemu ya familia katika ada ya mwaka mzima ni 130,000. Walikuwa wamekwisha kulipa 455,000. Zilizozidi, 325,000, chuo hakikurudisha. Utaratibu wake ni kwamba pesa iliyozidi inabaki kwenye akaunti ya mwanafunzi na kuhesabiwa ada ya mwaka unaofuata.

Na Januari hiyo hiyo mtamba angezaa. Tuseme angetoa lita nane kwa siku za kuuza, kwa 900 lita moja: ni 7,200 kwa siku, 216,000 kwa mwezi. Pesa iliyolala chuoni ni sawa na mwezi mmoja na nusu wa maziwa, na hasara ya kumuuza kwa bei ya haraka ni 450,000 nyingine. Mdogo wa binti, wa darasa la sita, ambaye madaftari na sare zake vilikuwa vinategemea maziwa, alirudi kwenye kuomba.

Wapi hasa palivunjika

Nimezunguka kisa hiki kutafuta aliyekosea na sijampata. Aliyepanga mkopo alifuata karatasi alizopewa. Chuo kilifuata kanuni zake za fedha. Kijana wa steshenari aliuliza swali kama alivyolielewa. Wazazi walijitahidi kuliko uwezo wao. Kila mmoja alifanya sehemu yake, na mlolongo ukatoa matokeo ambayo hakuna aliyeyataka: serikali ikatumia pesa zake, na familia ikafilisiwa vilevile.

Fundo lenyewe liko hivi. Fedha ya kujikimu, bumu kama wanafunzi wanavyoiita, husainiwa chuoni na mwanafunzi aliyesajiliwa. Hawezi kusajiliwa bila kulipa. Kwa hiyo binti mwenye mkopo wa laki kadhaa kwa jina lake anazuiwa kuufikia kwa kukosa laki nyingine. Watoto wa wenye mishahara hawalioni tatizo hili, kwa sababu mzazi anaziba pengo hilo kwa mkopo wa kazini na kuurudisha taratibu. Mkulima wa chai analiziba kwa mali inayozalisha. Asilimia 30 ile ile, pengo lile lile la laki tisa, lakini gharama yake halisi kwa familia mbili haifanani hata kidogo.

Ongeza jambo jingine ambalo ni geni kwa kizazi hiki. Tangu Januari 2016 sekondari za serikali hazitozi ada kidato cha kwanza hadi cha nne, na tangu 2022/23 kidato cha tano na sita pia. Ni hatua kubwa na nimeona matunda yake darasani mwangu. Lakini maana yake ni kwamba mzazi wa kijijini anafika miaka kumi na tatu bila kulipa ada ya serikali hata shilingi, halafu barua moja inamtaka milioni ndani ya wiki tatu. Hakuna aliyemwandaa. Shuleni kwetu tunaongea na kidato cha sita kuhusu kozi na ufaulu wa kuingilia, na michango ya chuo na kodi ya geto wanaikuta kwenye barua.

Kuhusu bure na mkopo

Babu alikumbuka vizuri. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 serikali ilibeba gharama zote za mwanafunzi wa chuo kikuu, na utaratibu wa kuchangia gharama ukaanza 1992. Bodi ya mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi 2005. Kitu ambacho kumbukumbu ya babu haikigusi ni kwamba hadi 1984, kilipoanzishwa chuo kikuu cha kilimo, SUA, Morogoro, nchi nzima ilikuwa na chuo kikuu kimoja. Tena baada ya Azimio la Musoma la 1974 wengi walitakiwa kufanya kazi kwanza kabla ya kuingia. Bure ile ilikuwa ya wachache sana. Leo Iringa peke yake ina vyuo vikuu vitatu, Mkwawa (ambacho ni kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), Chuo Kikuu cha Iringa na Ruaha, na Mbeya kuna chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, MUST, na wenzake. Sioni serikali ikibeba kila kitu kwa idadi hii bila kuinyang'anya shule ya kata ile iliyokosa mwalimu wa hisabati. Na vijana wengi wa Rungwe waliozaliwa mwaka mmoja na binti huyu hawakufika kidato cha tano. Wao na wazazi wao wanalipa kodi kila wakinunua sukari.

Kwa hiyo mimi nasimama upande wa mkopo. Nasema hivyo nikijua uzito wake: tangu marekebisho ya sheria ya 2016 mnufaika aliyeajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara badala ya 8. Kwa mwalimu wa laki saba ni 105,000 kila mwezi. Tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo ilifanya deni liwe halipungui hata ukilipa, na kufutwa kwake mwaka 2021 kulikuwa haki tupu. Fedha ya kujikimu nayo ilipandishwa kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka 2022/23. Haya yote ni marekebisho ya kiasi, na yamesaidia. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo ambalo lingemwokoa yule mtamba.

Hoja ya baba mdogo ya VETA siidharau. Umeme na useremala ni kazi za heshima na nyingine zina soko kuliko ualimu. Ila nataka kijana achague VETA kwa sababu anaitaka, na si kwa sababu Oktoba ilimkuta na 61,500.

Kinachoweza kubadilika bila kuongeza bajeti

Jambo la kwanza ni usajili wa muda kwa mwanafunzi mwenye mkopo wowote ambaye amekata rufaa. Asajiliwe, asaini bumu, aingie darasani, na hesabu ya ada isubiri majibu. Wahasibu wa vyuo wana hofu ya haki hapa: vyuo, hasa vya binafsi, vinalipa mishahara kwa ada, na rufaa nyingine zitakataliwa. Lakini chuo tayari kina kizuizi kingine miezi mitatu mbele, nacho ni mtihani wa mwisho wa muhula. Asiyemaliza ada hapewi kitambulisho cha mtihani. Kizuizi hicho kinatosha. Kufikia Februari majani ya chai yameshaanza kujaa, kikoba kimevunjwa, rufaa imejibiwa. Kwa familia ya kisa hiki, kusogeza 455,000 kutoka Oktoba hadi Februari kungemaanisha kulipa 130,000 tu ya ada, kutoka kwenye kikoba, na huenda zizi lingebaki kama lilivyokuwa.

La pili ni pesa iliyozidi. Mkopo ukiongezeka kwa rufaa, kilicholipwa na mzazi kirudi kwa mzazi akiomba. Chuo hakipotezi kitu, kwa kuwa ada imekwisha kulipwa na upande mwingine.

La tatu, sehemu ya ufadhili kwenye maombi itaje wazi kwamba ndugu naye ni mfadhili, na barua yake na stakabadhi zinakubalika. Huku kwetu watoto wengi wanasomeshwa na shangazi, mjomba au kaka mkubwa kuliko na mashirika. Swali lililoulizwa kwa namna ambayo kijana wa steshenari anaona shirika peke yake linawapoteza.

Michango ile ya 188,400 nayo ingefaa iingizwe kwenye mkopo, ingawa hilo linahitaji fedha na sitalipigania kwa nguvu sawa na hayo matatu.

Upande wetu walimu, tunaweza kuanza bila kusubiri waraka. Barua ya ndugu mfadhili itafutwe mwanafunzi akiwa kidato cha tano, wakati stakabadhi bado zipo. Fomu isomwe na mwalimu kabla ya kutumwa. Na mzazi aonyeshwe karatasi ya gharama za wiki tatu za kwanza mwaka mmoja kabla, ili kama ni kuuza ng'ombe amuuze Mei kwa bei yake, bila mchuuzi kujua shida yake.

Binti sasa yuko mwaka wa pili na anafanya vizuri. Aliandika barua kwa mhasibu kuomba zile 325,000 zirudishwe nyumbani, akajibiwa kwamba zitahesabiwa kwenye ada. Mwaka huu zimekatwa 130,000, zikabaki 195,000. Mkopo usipobadilika, mwaka wa tatu zitakatwa 130,000 nyingine, na atakapomaliza shahada yake 65,000 za mtamba zitakuwa bado ziko chuoni. Hizo ataruhusiwa kuziomba atakapojaza fomu ya kuondoka.